Baiskeli ya Kubeba Watoto Wawili

Kisigino cha mwanangu kiliingia kwenye gurudumu huku mimi ndiye ninayekanyaga pedeli. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote nitakayoandika yanaweza kusomeka kama kujitetea. Ilikuwa mwezi wa pili, katikati ya miaka ya tisini. Niliazima baiskeli ya jirani, nikampandisha binti yangu wa miaka minne juu ya keria, nikamwambia, "Shika shati langu, tanua miguu." Akashika shati. Miguu aliitanua mpaka alipochoka. Nilisikia spoku zikigonga kitu, nikadhani ni kijiti kimenasa, nikakanyaga kwa nguvu zaidi ili kikatike.

Hospitali walimsafisha na kumshona palipokuwa na ngozi ya kushona. Sehemu nyingine hapakuwa na kitu. Muuguzi wa chumba cha vidonda, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kurudi nyumbani.

"Baba, hiki kinaoshwa leo, kesho kinapumzika, kesho kutwa kinaoshwa. Usiruke. Na asikanyage chini. Uchafu ukishuka mpaka kwenye mfupa, hatutazungumzia kidonda tena. Tutazungumzia mguu."

Nilirudi nyumbani na neno hilo moja, mguu.

Tulikuwa tunakaa Lumemo, pembeni ya mji wa Ifakara. Mpaka hospitali, mtu mzima anayetembea mikono mitupu hahesabu kama ni safari. Nikiwa na watoto wawili, wakati ule wa tope, ilikuwa saa moja na nusu kwenda tu. Nasema wawili kwa sababu binti alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwaka mmoja na nusu, ametoka kuachishwa ziwa. Mke wangu alikuwa shambani. Wakati mpunga unapotoa masuke, kwetu familia huhamia shamba, ng'ambo ya mto, hukaa kwenye kibanda miezi kadhaa kulinda ndege mchana na nguruwe usiku. Ukiuacha mpunga siku tatu bila mtu, unarudi kuvuna majani. Mtaa wetu ulikuwa mtupu, na hapakuwa na mtu wa kumwachia mdogo. Tulipatana hivi: yeye alinde chakula cha mwaka mzima, mimi nikae na watoto, kwa kuwa kazi yangu ni cherehani na cherehani inaweza kufanyika na watoto miguuni. Na ninunue baiskeli yetu wenyewe, yenye viti viwili vya watoto.

Pesa nilikuwa nayo. Nilishona sare za shule mwezi wa kwanza mpaka vidole vikafa ganzi, na pesa ya baiskeli ilikuwa ndani ya mto wa kulalia. Nataka hili lijulikane mapema.

Sikusomea ushonaji. Nilijifunza kwa kufumua suruali kuukuu na kuzirudishia, na mtu aliyejifunza hivyo huwa haamini kwamba anajua, kwa hiyo hupima mara tatu. Nikaanza kuipima baiskeli ambayo sijainunua. Niliwapima watoto kwa tepu, kutoka kiunoni mpaka gotini, kutoka gotini mpaka unyayoni. Nikachora kiti cha mbele cha mbao cha kufungwa kwenye bomba la juu la fremu, cha mdogo. Nikachora kiti cha nyuma cha nondo cha kukaa juu ya keria, cha dada yake, chenye mahali pa kukanyagia na bati pembeni ili mguu usiweze kulifikia gurudumu hata akisinzia. Fundi wa kuchomelea aliviunda vyote kwa siku mbili. Vilikuwa vizuri. Kilichobaki ni baiskeli ya kuvibeba.

Watu wa Ifakara hawanunui baiskeli kwa macho. Wanaifunga gunia la mpunga nyuma, wanazunguka nayo, wanasikiliza. Isipolia na isipoyumba, wanatoa pesa. Nami nilifanya hivyo hivyo, ila kwa namna yangu. Nilishona mifuko miwili ya kaki iliyobaki kwenye sare. Nikawapandisha watoto mmoja mmoja kwenye mizani ya mwenye duka ambaye nilikuwa nashonea barazani kwake, nikajaza kila mfuko mpunga mpaka ukalingana na mtoto wake. Mfuko mkubwa, mfuko mdogo. Nikawa natembea navyo, mifuko na viti, kutoka kwa muuzaji hadi kwa muuzaji, watoto wakiwa barazani na mke wa mwenye duka, saa moja aliyonikubalia kila mchana.

Mwenye duka, mzee mwenye asili ya pwani, naye aliuza baiskeli, mpya, nyeusi, bado zina karatasi kwenye fremu. Nikaanza na yake. Viti vilikaa. Mifuko ilikaa. Nikazunguka hadi sokoni na kurudi.

"Enhe, fundi?"

"Keria inacheza."

"Inacheza wapi?"

"Kidogo. Nikikata kona."

Akaishika keria, akaitikisa, akanitazama. "Wallahi fundi, hata meno yangu yanacheza kuliko hii. Kaza nati, mpeleke mtoto hospitali."

Sikuinunua. Niliona kila nati ikilegea njiani, kiti kikiinama, mguu ukishuka. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mmoja. Fremu yake ilikuwa fupi, magoti yangu yakagonga kiti cha mbele kila nikikanyaga. Ya tatu ilikuwa ya kike, haina bomba la juu, mdogo asingekuwa na pa kukaa. Ya nne breki ya nyuma ilishika nikihesabu tatu, na mimi nilitaka mbili. Vijana wa kijiweni walishanizoea.

"Baba Mpunga! Watoto hawajambo?"

"Yule mdogo kanenepa leo!"

"Mfunge mkanda bwana, asije akamwagika!"

Nilicheka nao. Kila nikicheka nilikuwa nahesabu siku.

Kwa sababu siku ya kuosha ilikuwa inafika vile vile. Nilimfunga mdogo mgongoni kwa kanga ya mama yake, dada yake nikambeba mbele, mguu wake wenye bendeji umelala juu ya mkono wangu. Wanawake wachache waliobaki mjini waliniamkia, "Shikamoo, mama mdogo!" wakashikana mabega kwa kicheko. Nilikuwa napumzika kila nilipokuta gogo. Nikifika, bendeji ilikuwa imeloa jasho langu. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, sikutoka. Wiki iliyofuata mgongo ulikataa, sikutoka. Mara ya tatu nilikuwa na miadi ya kwenda kuangalia baiskeli ya mtu, na nikajiambia kwamba nikiipata hiyo, sitaruka tena. Sikuipata, na nilikuwa nimeruka.

Muuguzi alipofungua bendeji baada ya hapo, aliweka mkasi mezani. Aliita mwenzake. Wakainama wote wawili.

"Umeikosa baiskeli?" aliniuliza. Nilikuwa nimemweleza habari hizo.

"Bado natafuta inayofaa."

"Baba, nyama hii haikungojei wewe."

Niliporudi nyumbani siku ile nikamkuta mke wangu amekaa mlangoni, miguu imejaa tope kavu mpaka magotini. Mtu alikuwa amevuka mto na kumpa habari kwamba mumewe anatembeza mifuko ya mpunga mjini kama mwendawazimu. Hakunisalimia. Alimchukua binti, akanusa bendeji.

"Baiskeli iko wapi, baba watoto?"

"Hazipatikani nzuri. Msimu huu watu hawauzi."

Huo ulikuwa uongo. Msimu wa njaa ndio watu wanaouza. Niliutoa uongo huo bila hata kumeza mate, na yeye, aliyekuwa amekaa wiki nne akipigia ndege kelele, hakuwa na namna ya kujua.

"Mimi nimeacha ndege wanakula," alisema. "Nalala hapa, asubuhi narudi. Kabla sijavuka mto nataka niione hapa mlangoni. Iwe na kutu, iwe na pembe, sijali."

Jioni hiyo hiyo nilienda mahali wafugaji waliposimama wakitoka mnadani. Mmoja wao, mtu mzima aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa, alikuwa anauza baiskeli yake. Ilikuwa mbaya. Madigadi ya mbele haikuwepo, na siti ilikuwa imeviringishwa kwa vipande vya tyubu. Lakini keria yake ilikuwa ya nondo nene, imechomelewa moja kwa moja kwenye fremu, haina nati ya kulegea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unataka ibebe nini?"

"Watoto wawili."

Alicheka. "Tu? Hii imebeba ndama mwenye mguu umevunjika. Imebeba mama mkwe wangu, na yeye alikuwa anagombana njia nzima. Mifuko hiyo ya nini?"

"Ya kujaribia."

"Mfuko haugombani, kijana. Haya, jaribu."

Mifuko ilikaa kama imezaliwa pale. Nikazunguka mara moja, nikazunguka ya pili, na nilipotaka ya tatu nikaikumbuka ile pua ya mke wangu ikinusa bendeji. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuandikiana, kwa kuwa baiskeli isiyo na karatasi inaweza kukupeleka polisi, na nikarudi nayo nyumbani. Mke wangu aliizunguka mara moja tu. "Sasa ulikuwa unachagua nini?" Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, alishika njia ya mtoni.

Ilikuwa siku ya kuosha. Nilifunga viti, nikakaza kamba, nikatandika kanga iliyokunjwa mara nne. Mdogo nilimketisha kwanza, akashika usukani na kupiga kelele za furaha. Kisha nikamtoa dada yake ndani.

Aliliona gurudumu.

Sijawahi kuona mtu mzima, wala mnyama, akiogopa namna ile. Hakulia mwanzoni. Alikaza mwili wote, akanishika shingo kwa mikono miwili, na nikahisi mkojo wake ukishuka tumboni kwangu. Nikamwambia tazama, bati hili hapa, mguu haufiki, baba amepima. Nikamwonyesha alama za tepu. Kwa mwezi mzima nilipima kila kitu cha mtoto yule isipokuwa jambo ambalo ningelijua kwa kumsogeza karibu na baiskeli yoyote kwa dakika moja. Nilibeba mfuko badala yake ili asichoke, nilijiambia hivyo. Nadhani nilibeba mfuko kwa sababu haukuwa na uso.

Na bado nilifanya lile ninaloona aibu kuliko lote. Nilimweka kwa nguvu. Nikamfunga kwenye kiti kwa mpira, kifuani na mapajani, kama nilivyoufunga ule mfuko. Nikaondoka. Alipiga kelele, akajirusha, baiskeli ikaenda kushoto, mdogo naye akaanza kulia, na kabla sijafika kwenye kona nikasikia kisigino kikigonga bati. Bati langu, lile la kumkinga. Nikageuka nikaona bendeji inageuka nyekundu.

Mwanamke mmoja alitoka kwenye uzio wake na mwiko mkononi. "Wewe! Unamuua! Mshushe mtoto!"

Nilimshusha. Nilimfungua mpira, nikakaa naye kwenye tope, palepale njiani. Mwanamke yule alishika baiskeli isianguke na yule mdogo. Ni binti aliyezungumza, pumzi zikimkatika.

"Tembea, baba. Tembea tu."

Basi nikatembea. Mwanamke alinisaidia kumfunga binti mgongoni kwa ile kanga ya kwenye kiti, nikasukuma baiskeli na mdogo ndani ya kiti cha mbele, nikiishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeushika mguu. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Njia nzima watu waliniuliza kama nimepata pancha. Chumba cha vidonda kilikuwa kinafungwa. Muuguzi aliona damu, akaona baiskeli kupitia dirishani, akarudi kuvaa glovu.

Tulienda hivyo siku zote zilizobaki, mpaka mpunga ukavunwa na mke wangu akarudi na kushika zamu. Sikuruka hata moja. Mfupa haukuguswa. Kidonda kilifunga mwezi wa saba, lakini ngozi iliyofunga ni fupi na ngumu, imeuvuta mguu, na binti yangu hakanyagi chini kwa kisigino cha kulia mpaka leo. Alikwenda shule, alikimbia, alikimbia kwa ncha ya mguu.

Nilimwuliza daktari kama zile siku nilizoruka nikichagua ndizo zilizofanya hivyo. Aliandika kwanza alichokuwa anaandika. Akasema huenda, na huenda hata bila hivyo ingekuwa hivi, hakuna anayeweza kujua. Nilimwuliza tena, kwa maneno mengine. Akasema vile vile.

Mke wangu anaamini kwamba mwaka ule baiskeli hazikupatikana. Huwaambia watu hivyo wanapouliza habari za mguu. Huwa nipo, nimeinama kwenye cherehani, na sijawahi kumsahihisha.