Nilivyochunguza ajali ya majini Koboko nikiwa nimeenda kuposa

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mwenye kubisha aje Koboko nimwoneshe bwawa.

Mimi naitwa Issa, kijana wa Onduparaka, hapa Arua. Bahari naijua kwenye simu tu. Ila kuna siku nilisoma kuhusu kazi ya uchunguzi wa ajali za meli, nikaipenda ghafla.

Vigezo sasa!

Uwe nahodha mwenye cheti kikubwa, au injinia mkuu wa meli, au una digrii ya kuunda meli. Uwe umekaa baharini miaka ya kutosha. Halafu usomee uchunguzi wenyewe, ujue kuandika ripoti, na usiegemee upande wowote.

Mimi nina diploma ya stoo na leseni ya boda.

Nikamsimulia mchumba wangu Zaituni. Yeye akawaambia kwao Koboko kwamba anaolewa na mchunguzi wa meli. Yaani tayari niko kazini!

Siku ya kuposa ikafika. Kwao ni wanajeshi tangu mababu. Baba yake, Mzee Rajabu, amestaafu, anafuga samaki bwawani. Kaka yake mzee huyo, ambaye Zaituni anamwita Baba Mkubwa, alikuwa bosi wake huko huko jeshini. Bila neno la Baba Mkubwa hakuna posa.

Kumbe kabla sijafika, Mzee Rajabu alimpandisha kaka yake kwenye chelezo chake cha mbao zilizofungwa kamba juu ya jerikeni, wakatazame samaki. Nafika na sukari yangu mkononi, nakuta wazee wawili wanatoka majini, kanzu zimewaganda.

Baba Mkubwa akaniangalia. "Wewe ndiyo mutu ya kuchunguza meli?"

"Ndiyo Baba Mkubwa, ila bado nasoma..."

"Chunguza. Mimi nataka jua nani nazamisha mimi. Kama hapana jua, hapana bibi hapa."

Nikimtaja Mzee Rajabu, nimemuaibisha mkwe wangu. Nikimtaja Baba Mkubwa, nimejifukuza mwenyewe. Na Zaituni nampenda jamani.

Nikajikaza. Nikakagua chelezo: kamba nzima, jerikeni hazivuji. Nikamhoji mama yake Zaituni, aliyekuwa anaona kila kitu kutoka jikoni.

"Hawa walikuwa nakaa vizuri," akasema. "Halafu shemeji naita 'Rajabu!' kama iko kwa parade. Mzee yangu nasimama wima, napiga saluti. Basi, maji." Akacheka mpaka mwiko ukamdondoka.

Nikatoa ripoti kwa mdomo, tumekaa mkekani. Chanzo cha ajali: heshima za jeshi kufanyika juu ya maji. Pendekezo: saluti ziishie ukingoni.

"Nani iko na makosa?" akauliza Baba Mkubwa.

"Kazi hii haitafuti mwenye makosa. Inatafuta chanzo, isitokee tena."

"Kazi gani hii, hapana funga mutu?"

Hakuridhika. Akashikilia kwamba mtu mwenye akili hawezi kusimama kwenye chelezo eti kwa sababu ameitwa. Rajabu ni mjinga tu. Akaniamuru nipande mimi, nikae, tuone.

Mzee Rajabu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimhurumia kweli.

Nikapanda. Wakuu, sijui kuogelea. Nimeshika mbao kwa mikono miwili, naapa moyoni kwamba sinyanyuki hata radi ipige.

"ISSA!"

Nilisimama.

Sijawahi kukanyaga jeshini, lakini nilisimama wima, nikaitika "Naam, Afande!" nikiwa tayari hewani.

Maji yenyewe ya kiunoni, ila kelele nilizopiga zilileta majirani. Mzee Rajabu ndiye aliyenivuta kwa kola.

Nafumbua macho, Baba Mkubwa amekaa chini anafuta machozi ya kucheka. Kisha akatulia, akamtazama mdogo wake.

"Rajabu, hapana makosa yako. Hii sauti yangu iko mbaya."

Zaituni anasema baba yake hajawahi kuambiwa neno kama hilo maisha yake yote.

"Chai iko wapi?" Baba Mkubwa akauliza. "Huyu nachukua bibi."

Funzo nililopata: wakubwa wakigoma kukubali chanzo, acha kikutokee na wewe mbele yao. Kozi bado naitaka, na mke wangu hanicheki sana.

Mlioposa kwenye nyumba za wanajeshi, hebu semeni, nyinyi mliponaje?