Mkebe Aliomfichia Kogo Kwenye Majani ya Chai

Kaka yangu alimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya tisini, akarudi nyumbani Kericho kusubiri kuitwa chuoni. Kukaa bure hakukumfaa. Akaanza kuwakusanya watoto wa jirani kila Jumamosi, nami nikiwa mmoja wao, akatubunia mchezo ambao hakuna aliyekuwa ameuona huku kwetu.

Alikuwa akichukua mkebe wa kakao uliokwisha, anaweka peremende ndani, halafu anakwenda kuuficha mahali penye hadithi. Kisha anatupa swali. Jibu halikuwa kwenye kitabu chochote cha shule. Ilibidi tumtafute mtu mzima wa zamani na kumuuliza. Swali la kwanza lilikuwa kuhusu Chemosit, lile zimwi la mguu mmoja ambalo mama zetu walitutishia nalo ili tulale: lilikanyaga wapi likaacha alama? Tulikwenda kwa mzee mmoja kipofu ambaye siku nyingine tulipita kwake bila hata kumsalimu. Alifurahi mno kuulizwa, akatushikilia hadi saa sita, na mwisho akatuelekeza kwenye mwamba ulio kando ya mto. Kweli palikuwa na shimo refu kama unyayo, na mkebe ulikuwa umesukumwa ndani yake.

Swali la pili lilitupeleka kwenye pango ambamo watu walikuwa wakificha ng'ombe wakati wa vita vya zamani. La tatu likawa juu ya nyanya yetu mwenyewe, ambaye sote tulimwita Kogo. Kogo alizaliwa wapi?

Tulidhani ni rahisi, kwa kuwa Kogo alikuwa jikoni kwetu. Lakini alipoulizwa aliendelea kuchambua mboga. Baadaye ndipo alipotueleza kwamba alizaliwa ng'ambo ile, ndani ya shamba la kampuni, kabla halijawa shamba. Wazungu walipotaka kupanda chai, watu wa kwao walihamishwa, yeye akiwa msichana mdogo aliyebebeshwa kuku. Mama yake aliacha nyuma jiwe la kusagia wimbi kwa sababu lilikuwa zito. Tangu siku hiyo hakuwahi kurudi, ingawa kutoka mlangoni kwetu angeweza kuiona ile miteremko ya kijani.

Kaka alimuuliza mengi jioni hiyo: mto ulipita upande gani, jua lilichomoza wapi. Jumapili baada ya kanisa alikwenda kumwomba ruhusa nyapara wa shamba, akaingia peke yake na mkebe. Alirudi suruali ikiwa imelowa hadi magotini, akamwambia Kogo kwamba jiwe ameliona.

Kogo akamuuliza kama lina ufa upande mmoja.

"Liko na ufa," kaka akasema. "Jumamosi nitakupeleka, wewe na watoto."

Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi, na malaria, ambayo tuliijua kama ugonjwa wa watu wa bondeni, ilipanda hadi huku kwetu kwenye baridi. Jumanne kaka alilala na blanketi mbili na bado akatetemeka. Alipewa dawa katika zahanati, akaonekana kupata nafuu, kisha ikampanda kichwani. Alikuwa akiniita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Walimkimbiza hospitali mjini, na baba akarudi asubuhi akiwa amebeba viatu vya kaka.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Mama hakulia mbele ya watu. Alipika, akaosha vyombo, akapika tena.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja. Hakuna aliyewaita. Walisimama langoni wakiwa na fimbo zao za kupekulia majani, na mama akadhani wamekuja kutupa pole. Mdogo kuliko wote akamuuliza kwa sauti ndogo kama leo tunatafuta. Mama alimtazama, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Kogo ndiye aliyeinuka. Alijifunga shuka, akachukua mkongojo wake, akapita mbele yetu.

Nyapara alimjua kaka, akaturuhusu bila maneno. Kogo alitembea kati ya mistari ya chai akitaja vitu ambavyo havikuwepo: hapa palikuwa na zizi, hapa njia ya kwenda mtoni. Alianza kwa haraka. Kisha akasita. Akageuka, akarudi, akapanda, akashuka tena. Kila upande ilikuwa chai ile ile iliyokatwa kimo kimoja. Sisi tulipekua chini ya vichaka hadi mikono ikachubuka. Hatukuona jiwe wala mkebe.

Hatimaye Kogo aliketi chini kwenye tope, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Yeye alipaona," alisema. "Mimi niliyezaliwa hapa, sipaoni."

Akalia hapo kwa sauti, na baadhi ya watoto wakalia naye. Wachumaji waliokuwa mbali walisimama na vikapu vyao mgongoni, wakatazama, kisha mmoja akaja kumsaidia kuinuka.

Tuliporudi, mama alikuwa amepika chai ya maziwa na kupanga vikombe vya kila mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimuuliza Kogo kama mkebe tumeupata.

"Tumeuacha pale alipouweka," Kogo akajibu.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema ni vizuri, usiguswe. Akaanza kumimina chai. Alipofikia kikombe cha tatu birika lilimponyoka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimlilia mwanawe mbele yetu, akimwita kama alivyomwita alipokuwa mtoto mchanga.