Dripu ya Mama Inga

Nilipomvua mama fulana asubuhi ile, kipande cha ngozi ya mgongo kilitoka nayo.

Harufu ikanipiga. Nikakimbilia sinki, nikatapika.

Malengelenge yalimzunguka kutoka mgongoni hadi chini ya titi, yametumbuka, yanatoa usaha. Mkanda wa jeshi. Wa pili mwaka ule, ukiacha vichomi na mkojo uliomchoma kila baada ya wiki chache.

Mama yangu, Inga, ana miaka sitini na nane. Ana MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa ya fahamu. Huku Orkney, visiwani kaskazini mwa Uskoti, usishangae kukuta ukoo mmoja una wagonjwa wawili.

Miaka kumi iliyopita jicho moja lilizima, akawa anatambaa kwenda chooni. Dripu ya kila miezi sita ndiyo iliyomnyanyua. Inaipunguza ile kinga makali.

Nikaenda kliniki nimefura. Nikamwambia Daktari Heddle kwamba wanamfanya mama yangu aoze akiwa hai.

Hakubisha. Alinieleza polepole kwamba dawa ile ilijaribiwa zaidi kwa watu wasiofika miaka hamsini na tano. Kinga ya mzee tayari imechoka. Ukizidi kuipunguza, maradhi yanaingia bila hodi. Tena kwa umri wake MS yenyewe mara nyingi huwa imetulia.

"Sasa mbona mliendelea kumtundikia?"

Akanigeuzia kompyuta. "Soma mwenyewe, Ragna."

Miaka miwili nyuma walipiga simu nyumbani kushauri dripu isimamishwe. Aliyepokea: binti wa mgonjwa, Ragna. Jibu: familia haitaki.

Nikaisoma mara ya pili.

Nilikumbuka. Nilikuwa nakaanga samaki. Niliposikia "kusimamisha" nilimwona mama akitambaa tena, nikasema hapana, nikakata simu. Mama alikuwa chumba cha pili anafuma soksi. Sikumwita.

Na wao wakalichukua neno langu, wasimtafute mwenye mwili. Nilimtazama yule daktari nikamwonea kinyaa, nami nikajionea.

Jioni nikamwambia mama kila kitu.

"Ile dripu nilishaichoka siku nyingi," akasema. "Nilidhani nyie ndio mnajua. Lakini mimi naumwa mishipa, mwanangu. Sina ububu."

Dripu ilisimamishwa, wakawa wanampima kila baada ya muda. Mwaka na miezi mitatu sasa, anatembea na mkongojo wake hadi dukani. MS haijarudi. Maumivu ya mgongo aliyoachiwa na mkanda hayajaondoka.

Kila nikimpaka dawa kwenye yale makovu, kinachonitia kinyaa ni mdomo wangu.

Wewe unayemuuguza mzazi, usimwachishe dawa kwa kusoma hadithi yangu. Nendeni wote wawili kwa daktari, mkaulize kama dawa aliyoanza zamani bado inamfaa kwa umri alionao leo. Na daktari akianza kuongea, wewe funga mdomo. Mwache mzee ajibu.