Marudio na Masanja

Ukipiga tarumbeta saa nzima, vidole vyako hunuka shaba. Ni harufu kali yenye uchachu, kama ya sarafu iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho, na haitoki kwa maji matupu. Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nilikuwa nimeizoea hata siisikii tena. Baba aliisikia siku ile ile niliporudi nyumbani likizo, machimboni upande wa Geita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanusa hewa. "Minza, mikono yako inanuka nini?" Nikasema ni sabuni ya bwenini. Akaitazama mikono yangu, akalitazama na begi langu.

Niseme mapema kwamba nyumbani kwetu kushuku lilikuwa somo la kwanza, kabla hata ya a-e-i-o-u. Baba alikuwa na mwalo, yaani mahali pa kusagia mawe na kuoshea mchanga wa dhahabu, na mtu wa mwalo hamwamini hata mbuzi anayepita karibu. Mgeni akicheka sana, Baba alituambia tumwangalie mikono. Mtu mmoja tu ndiye aliyeingia na kutoka pale bila kuangaliwa: Masanja, ambaye mimi nilimwita baba mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Ndiye aliyechimba naye shimo la kwanza, ndiye aliyenipeleka shule kwa baiskeli nilipougua mguu, na ndiye aliyelinda marudio. Marudio ni ule mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja lakini bado una chembe za dhahabu ndani yake. Hurundikwa kando kama kichuguu, ukasubiri kuchenjuliwa upya. Mwaka ule lile rundo lilikuwa linapungua, na Baba alikuwa hapati usingizi.

Mimi nami nilikuwa na siri yangu. Baba alijua nasomea kufundisha hesabu. Hakujua kwamba nimechukua na muziki, na kwamba chuo kilikuwa na tarumbeta moja ambayo mkufunzi wetu alinikabidhi mimi badala ya wanaume. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi wa mwaloni niliamua kuvukuta kwa mdomo. Miezi ya mwanzo nilitoa sauti za ndama aliyenyimwa ziwa. Midomo ilivimba, nikashindwa hata kunywa uji wa moto. Halafu siku moja sauti ikatoka nyoofu, safi, ikaenda hadi kwenye mikorosho ya uani na kurudi, na mimi nikalia pale pale nikiwa nimeishika tarumbeta. Nilijua Baba akisikia ataniondoa chuoni. Kwake ngoma na mbiu ni mambo ya walevi na wanasiasa.

Basi usiku mmoja wa likizo ile akaniita sebuleni. Mbele yake lilikuwa daftari langu, limefunguliwa. Alikuwa amepekua begi, wala hakuona haya. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari nilioandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: *Marudio na Masanja, Jumamosi. Ya kwanza kimya kimya. Ya pili kwa nguvu zote. Tusichelewe kutoka.*

Nikajua nimekwisha. Muziki umejulikana! Sasa, Usukumani ukiita "Masanja" gulioni watageuka watu watatu. Wangu mimi alikuwa mwanachuo mwenzangu, kijana mwembamba mpiga ngoma, niliyefanya naye mazoezi kila Jumamosi. Na marudio, kwetu sisi wa muziki, ni ile sehemu ya wimbo inayopigwa tena. Maneno haya mawili nilikuwa nimeyatumia mwaka mzima bila kukumbuka nimezaliwa wapi.

"Haya marudio na Masanja, ni kweli?" Baba akauliza.

"Kweli, Baba. Nisamehe."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Mnafanyia wapi?"

"Nyuma ya ghala. Watu wasisikie."

Baba akavuta pumzi. Ghala tunalo na sisi. "Nani aliyeanza?"

Hapo ndipo ninapojichukia hadi leo. Hakuna mwingine aliyeanza, nilianza mimi, nilimfuata mkufunzi mwenyewe nikamwomba. Lakini niliogopa, nikatafuta wa kumtwika. Nikasema, "Masanja ndiye aliyenishawishi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Baba, akalifunga daftari. Nilidhani ananisema mimi. Nilingoja kipigo, nikangoja kuambiwa chuo basi, na kulipokucha akanipa nauli ya kurudi chuoni bila kunitazama usoni. Upole ule ulinitia shaka njia nzima, lakini nilikuwa mjinga kiasi cha kumshukuru Mungu.

Wiki ya tatu Mama akapiga simu, sauti iko chini. Baba mdogo Masanja alifukuzwa mwaloni wiki ile ile niliyoondoka, mchana kweupe, mbele ya wachimbaji wote, kama mwizi wa marudio. "Na baba yako anasema shahidi ni wewe, Minza. Ulimtaja kwa mdomo wako." Nilikaa chini sakafuni bwenini, simu mkononi. Nikayarudia yale maswali moja moja, na kila jibu langu likawa jiwe; shaka haikumpa Baba nafasi hata ya kujiuliza ningefikaje mwaloni kila Jumamosi kutoka Shinyanga.

Nilikwenda kwa mkufunzi kuomba tarumbeta. Akauliza naenda kumpigia nani. Nikasema, "Baba yangu, ili anielewe." Akanipa. Nilipanda basi kupitia Kahama nikiwa nimeipakata, na nilipofika mwaloni sikupitia nyumbani. Niliomba mashine ya kusagia mawe izimwe. Wachimbaji wakasimama na matope yao mikononi, Baba akiwa na koleo. Nikapiga. Nilipofika mwisho wa kipande nikamwambia, "Sasa haya ndiyo marudio. Ya kwanza," nikapiga kimya kimya. "Na ya pili," nikapiga kwa nguvu zote.

"Na Masanja?" akauliza.

"Masanja ni mwanachuo, Baba. Ana miaka ishirini. Anapiga ngoma. Na hakunishawishi, nilikudanganya."

Baba akakaa juu ya rundo la mchanga. Lilikuwa dogo kuliko nilivyoliacha. Baba mdogo Masanja alikuwa ameondoka karibu mwezi mzima, na rundo lilikuwa bado linapungua.

Baba alimfuata baba mdogo kwao, upande wa Songwa, mara mbili. Ya kwanza aliambiwa yuko shambani. Ya pili alipewa kiti na ugali na kuku, wakaongea habari za mvua. Mwisho Masanja akamwambia, "Baba Minza, nimekusamehe, kweli kabisa. Lakini mwaloni sirudi. Nikiinama kuchota maji, utaangalia mfuko wangu." Baba alinisimulia hayo mwenyewe, na hakuniondoa chuoni. Maji yakimwagika hayazoleki, ndilo neno pekee aliloongeza.

Siku hizi nafundisha muziki Kahama, upande wa Buzwagi, na wanafunzi wangu wananishangaa kwa nini nasema "tupige tena" wakati kitabu kimeandika marudio. Vidole vyangu vinanuka ile ile shaba. Baba amezeeka, shaka zake zimepungua makali, na mimi nimejifunza kuuliza swali la pili kabla ya kujibu la kwanza. Nilidhani hayo yanatosha. Mwaka jana, siku ya wazazi, niliwaalika Baba na baba mdogo Masanja, na wote wakaja. Walikaa benchi moja, wakataniana habari za mashimo ya zamani, wakapiga makofi watoto walipomaliza. Nikafurahi, jamani, nikasema moyoni yamekwisha. Kisha Baba mdogo Masanja akainuka kuaga. Akasimama mbele ya Baba, akaigeuza nje mifuko yake yote miwili ya suruali, akaipangusa, akacheka. Watu wa karibu nao wakacheka, maana Masanja ni mtu wa utani. Baba hakucheka, na mimi sikucheka.