Kigingi Kilichong'olewa na Ndama

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, Manyoni. Mbele yangu alisimama mama mmoja, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Karani kijana alimwamkia shikamoo. Mama alifungua kanga, akaweka mezani kigingi chenye rangi nyekundu kichwani.

"Mwanangu, nilikikuta kwenye malisho yetu, nyuma ya nyumba. Nikajua jirani kakichomeka cha kufungia ndama. Nikamfunga wangu, akaking'oa."

"Mama! Hiki ni kigingi cha mpimaji, cha eneo la mtambo wa umeme utakaojengwa!"

"Ndivyo nilivyoambiwa. Sasa nitafungwa?"

Karani alikunjua ramani. Nami nikachungulia. Eneo lote la kwao, nyumba na malisho ya ndama, limeandikwa neno moja: pori.

"Huo mtambo utanguruma mchana kutwa?" mama akauliza. "Na ndama tutawapeleka wapi?"

"Mimi ni karani tu, mama. Kwani kilikuwa wapi hasa?"

Mama akamkazia macho. Karani akakiri kuwa mpimaji yuko safarini, na ofisi nzima hakuna mwingine aliyewahi kufika kule.

"Basi kakirudishe pale pale," karani akasema kwa sauti ya chini.

Mama akakifunga tena kwenye kanga taratibu, akaondoka bila kuaga.

Umeme nautaka, sikatai. Lakini tangu siku ile najiuliza mama amehesabu hatua ngapi kutoka mlangoni kwake kabla ya kukisimika upya. Aliyekisimika mara ya kwanza hakuuona mlango, aliona pori tu.