Kompyuta Iliyoshindwa Njiani

Kompyuta ya kwanza ya biro yetu, ofisi ya mizigo ya Kalemie, ilitoka Lubumbashi kwa treni, ikakwama Kabalo hata tukaikatia tamaa. Ilipofika, fundi aliyekuja nayo aliifungua, akatuonyesha kipande cheusi, kidogo kuliko kiberiti.

“Hii njo akili yake. Kampuni mbili zinashindana kutengeneza za namna hii. Wakati munangojea treni, ile ingine imekwisha kutoa yenye kuipita mbio.”

Nilikasirika. Yaani tulingojea kitu kilichoshindwa!

Akaiwasha. Tukaiandikia hesabu ya magunia yote ya mwaka, ambayo kuijumlisha kwa mkono kulinichukua juma zima. Jibu lilitoka kabla sijavuta kiti.

Nikamgeukia fundi.

“Papa,” nikamwuliza kwa heshima, “kama hii njo yenye kushindwa, ile yenye kushinda iko namna gani?”