Mkate Usionuka Samaki

Mama yangu alipofariki aliacha ndizi kwenye friza yangu. Alizimenya mwenyewe zikiwa zimeiva hadi ganda likawa jeusi, akaziponda na kuzitia kwenye kopo tupu la siagi. Alikuwa Mnyasa wa Mbaha, kando ya ziwa, na hata alipopanda kuja kukaa nami hapa Mbinga, friza aliipanga kwa akili za ziwani: samaki juu, vingine vyote chini yao, wazi. Vifuniko vya makopo aliwapa wajukuu watengenezee magurudumu ya magari yao.

Ndiyo maana mkate wake wa ndizi na unga wa mahindi ulinuka mbasa, samaki wa kwao ziwani, siku zote. Wifi yangu, dada wa mume wangu, Mmatengo wa Mapera ambaye mdomo wake hauna breki, alikuwa akiuliza, "Wifi, huu mmeoka au mmevua?" Mama alicheka, akamkatia kipande kikubwa kuliko vyote.

Msibani sikulia. Nilipokea pole, nikaonyesha watu maji ya kunawa yalipo, nikarudi jikoni. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na huusikii. Nikajiambia, siku nitakayooka zile ndizi, nyumba ikinuka ule mkate, nitalia. Kwa hiyo sikuzioka. Niliogopa kuzimaliza, na niliogopa zaidi kwamba hata hapo nisingelia.

Halafu umeme ukakatika, siku nzima na ya pili yake. Wifi akaja kunitazama, akafunua friza.

"Jamani, wifi, ndizi za mama zinayeyuka! Oka leo au umwage kesho."

Tulikwangua kabati. Unga wa dona kidogo, ngano iliyobaki ya maandazi ya msibani, sukari iliyoshikana madonge, magadi ya kuchemshia maharage. Mayai hayakuwepo. Wifi akawasha jiko la mkaa, nikafunika sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko kama alivyofanya mama, moto wa chini kidogo, wa juu mwingi. Nikavuta kigoda karibu kabisa, nikangoja harufu.

Ikaja. Ndizi na sukari, basi.

Nilidhani bado. Nikauipua mkate, nikaukata ukiwa wa moto, nikauinamia hadi mvuke ukaniunguza pua. Ndizi tu. Watoto walikula wakalamba vidole. Wifi akatafuna, uso ukamchanua.

"Aka! Leo haunuki samaki hata chembe! Si unaona? Baada ya mazishi niliisugua ile friza kwa limau. Samaki tuliwapikia wageni, ndizi nikazikwangua juu palipogusa samaki, nikazihamishia kwenye kopo jipya, nikalifunika vizuri."

Alikuwa amenitendea wema. Msibani mawifi ndio wanaokusafishia nyumba ukiwa umekaa tu, na yeye alisafisha kuliko wote.

"Asante, wifi," nikasema. Sauti ilitoka ya kawaida, ya mtu aliyepewa chumvi na jirani. Niliweka kipande changu kwenye sahani. Sikuwa na hasira, sikuwa na chozi, sikuwa na kitu. Wifi akanitazama, akatazama kile kipande, akaacha kutafuna.

"Ee, wifi," akasema polepole.

Umeme uliporudi, alikuja na mbasa wabichi waliopanda na gari la asubuhi kutoka ziwani, na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Hakunitania. Alimenya, akaponda, akatia kwenye kopo, akaliweka chini kabisa ya friza na kuwalaza samaki pembeni. Kisha mkono wake, kwa mazoea, ukachukua kifuniko.

"Acha wazi," nikamwambia. "Walaze juu yake." Na hapo machozi yakaja bila kubisha hodi.

Wifi akawalaza samaki juu ya ndizi. Akawaita watoto, akawapa kifuniko.